Aliyesema ukweli ndiye aliyeandikiwa barua

Kwako Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Malindi. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimefanya kazi ya wadini miaka 31 hapa hapa pwani, mingi yake leba na wadi ya akina mama, na sijawahi kuandikia gazeti hata siku moja, lakini wiki iliyopita kuna jambo limenikosesha usingizi na nikaona nisipolisema litanikaa kifuani.

Jumatano baada ya magharibi nilikuwa barazani nachambua mchicha, akaja binti wa jirani yangu. Na yeye ni muuguzi, hana hata miaka miwili kazini. Sitamtaja jina wala hospitali yake sitaitaja, manake sijakuja hapa kumchongea mtu. Alikuwa bado na sare, viatu kavishika mkononi, akanipa bahasha akaniambia, "Shangazi nisomee hii, mimi nimeshindwa kuimaliza." Kumbe ni barua ya kumtaka ajieleze kwa maandishi ndani ya siku 7, kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kumpa mgonjwa dawa kupita kiasi.

Nikamwambia kaa, kunywa maji kwanza, halafu nihadithie tangu mwanzo.

Usiku huo walikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa 38, na mwenzake alikuwa ametoka kumpeleka mgonjwa thieta. Kuna mama mmoja wa sukari kaandikiwa insulini yuniti 10. Mabomba ya insulini, yale membamba yenye mistari ya yuniti, yalikuwa yameisha tangu juzi yake na wadi nzima ilikuwa inajua yameisha, kwa hivo wakawa wanatumia bomba la kawaida la mililita 2 na hesabu wanapiga kichwani. Sasa kwa asiyejua ni hivi, insulini tunayotumia ina yuniti 100 kwenye kila mililita moja, kwa hivo yuniti 10 ni sehemu ya kumi ya mililita, yaani ni kidogo sana, kwenye bomba la kawaida ni kale kamstari ka kwanza kabisa ambako hata mchana wa jua unakatafuta. Saa tisa ya usiku, mtu hajakaa chini tangu saa moja jioni, akavuta mpaka kwenye mstari wenye namba 1. Badala ya yuniti 10 zikaingia 100.

Akajuaje? Alipomaliza alikwenda kuirudisha chupa kwenye friji, na ana mazoea ya kuinyanyua chupa kwenye taa aone imebaki ngapi. Chupa ile alikuwa ameifungua mwenyewe jioni. Akaona imeshuka kuliko inavyotakiwa. Akaniambia, "Shangazi, nilihisi kama sina miguu."

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Hakuna aliyemwona. Mwenzake hayupo, mgonjwa amelala, chupa haina mdomo. Angeandika 10 kwenye chati akakaa kimya, na alfajiri yule mama angekutwa hajitambui, shuka imelowa jasho, na sisi sote tungesema ni sukari ile, ndo siku zake zilivyoandikwa, tukaenda kuzika. Yeye akachukua simu palepale akampigia daktari, akamwambia, "Daktari, nimempa 100 badala ya 10." Wakamwamsha mama wakamnywesha maji ya sukari, wakamtundikia dripu ya glukosi, wakampima sukari kila nusu saa mpaka kumekucha. Asubuhi mama akanywa uji wake. Siku ya tatu akaenda kwake.

Yule mama yuko hai kwa sababu huyu binti alisema, na huyo aliyesema ndiye aliyeandikiwa barua. Mabomba yaliyoisha hayakuandikiwa na mtu. Nimeisoma barua ile mara tatu kutafuta neno bomba, sikuliona.

Wakati anaondoka akasimama mlangoni akaniambia, "Siku nyingine nitanyamaza." Hilo ndo lililoninyima usingizi, Mhariri, wala si ile barua. Manake mimi nilishawahi kunyamaza na ninajua ilitoa nini.

Ilikuwa mwaka wa 2004, kwenye hospitali moja ya huku pwani, niko leba zamu ya usiku. Stima zimepotea, jenereta inakohoa haiwaki, tunazalisha kwa tochi. Mtoto katoka salama. Hapo kuna sindano mbili, mama anachomwa ergometrini ili kizazi kikaze damu isimwagike, na mtoto anachomwa vitamini K ili naye asije akatokwa na damu. Dawa zote mbili zinakuja kwenye viampuli vidogo vya kioo cha kahawia, kwa sababu mwanga unaziharibu, na maandishi yake ni madogo kama miguu ya siafu. Sisi tulikuwa tunaviweka kwenye kisahani kimoja, kulia ya mama, kushoto ya mtoto, ndivo walivyotufundisha waliotutangulia na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Nikavuta dawa, nikamfunua mtoto paja. Bibi yake alikuwa amesimama pembeni na leso ya kumpokelea, mzee wa Ganda huko, hajui kusoma, akaniuliza, "Sista, hiyo ni ya mama ama ya mwana?"

Aliuliza tu. Nikakiokota kiampuli nikakimulika tochi. Kilikuwa cha mama.

Nikaimwaga, nikavuta nyingine mkono unatetemeka, nikamchoma mtoto vitamini K, nikamwambia bibi "hii ndo ya mwana." Asubuhi nilipompokeza mwenzangu zamu nikasema usiku ulikuwa mzuri, wamezaliwa wanne, stima ilipotea kidogo. Sikusema zaidi. Siku hizo matroni alikuwa anasoma majina ya waliokosea mbele ya wote kwenye mkutano wa Jumatatu, mtu mzima na watoto wake anasimamishwa kama mtoto wa chuo, na mimi nikajiambia hakuna aliyeumia, kwani nikaseme nini?

Miezi mitatu baadaye, leba ile ile na kisahani kile kile, mwenzangu akamchoma mtoto ile ya mama. Yeye hakuwa na bibi wa kumuuliza. Mtoto akaanza kubadilika rangi, pumzi inakatika, degedege, wakamkimbiza Mombasa, kilomita 120 hivi, na muuguzi kwenye ambulensi anambonyezea hewa kwa mkono njia nzima. Mtoto alipona alhamdulillahi, ilichukua siku nyingi za oksijeni lakini alipona. Mwenzangu yeye hakupona. Alisimamishwa kazi, mtaani wakawa wanamuita muuaji wa watoto na mtoto yuko hai ananyonya, na alipoitwa kurudi hakurudi. Akaanza kuuza maandazi. Nilimtembelea mara moja nikanywa chai yake na nikashindwa kumwambia kwamba lile lililompata yeye lilinipitia mimi kwanza. Kama unalisoma hili dada yangu, basi ndo nimesema, nimechelewa zaidi ya miaka 20, nisamehe.

Na mnajua kisahani kilifanywa nini? Hakikufanywa kitu. Wiki ile ile aliyosimamishwa niliingia zamu ya usiku nikavikuta viampuli viwili vya kahawia vimelala pamoja, kulia ya mama, kushoto ya mtoto. Mtu kaondolewa, mtego umeachwa pale pale unamsubiri mwingine. Baada ya hapo mimi mwenyewe, bila kumwambia mtu sababu, nikawa naweka ya mtoto kwenye kopo la bati juu ya mizani ya kupimia watoto, mbali kabisa na ya mama. Lakini hiyo ilikuwa zamu yangu tu. Zamu zangu zikawa salama, za wenzangu sijui, na hili pia ninalibeba.

Baadaye sana nikaja kusoma habari za ndege, nikaona kisa changu kiko humo. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya shirika la TWA ilikuwa inashuka kwenda uwanja wa Dulles karibu na Washington, hali ya hewa mbaya, marubani wakaelewa vibaya maelezo ya kushuka wakateremka mapema, wakagonga mlima, wakafa watu wote 92. Ilipochunguzwa ikaonekana kwamba wiki sita kabla ndege ya shirika jingine, United, ilifanya kosa hilo hilo mahali hapo hapo ikaukosa mlima chupuchupu. Marubani wake walisema, na shirika lao likawaonya marubani wake wote. Lakini habari haikutoka nje ya shirika, wa TWA hawakuipata. Wamarekani wakakaa chini wakajiuliza, na mwaka wa 1976 wakaanzisha mpango wa kuripoti ambapo rubani, fundi au mwongozaji wa ndege anaandika mwenyewe alichokosea au alichoponea. Na hapa ndo penye akili, ripoti haziendi kwa ile ofisi inayoadhibu marubani, zinapelekwa kwa NASA, hao hao wa mambo ya anga za juu, wanaondoa majina halafu wanatangaza funzo kwa kila mtu. Na rubani akiripoti ndani ya siku 10, na halikuwa kosa la kusudi wala uhalifu, adhabu anaondolewa. Ofisi ya kuadhibu imebaki na kazi yake na ya kusikiliza iko mbali nayo, ndo maana watu wanasema.

Sisi wa hospitali tumechelewa sana nyuma ya hao. Mwaka wa 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti ikakadiria kwamba wagonjwa kati ya 44,000 na 98,000 wanakufa kila mwaka kwenye hospitali za nchi hiyo kwa makosa ya tiba, na ikasema wazi kwamba mengi yake hayatokani na watu wabaya, yanatokana na kazi iliyopangwa vibaya. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka wa 2017 likaanzisha kampeni ya dawa bila madhara, lengo ni kupunguza nusu ya madhara makubwa ya makosa ya dawa ndani ya miaka 5, na likakadiria makosa hayo yanaigharimu dunia dola bilioni 42 kwa mwaka. Kila tarehe 17 Septemba tunaadhimisha siku ya usalama wa mgonjwa, nimeiona hata huku kwetu, mabango, fulana, soda. Fulana ni nzuri. Lakini huyu binti wa jirani yangu ana fulana hiyo kabatini kwake, na barua anayo.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema, sasa huyu mama anataka wauguzi waue watu halafu wasamehewe? Hapana baba, hapana mama. Mtu anayekuja zamu amelewa, anayeiba dawa za wadi akauze, anayemwandikia mgonjwa kwenye chati kwamba amepewa na hakumpa, anayeona amekosea akaficha, huyo sheria ipo na baraza la wauguzi lipo, ashughulikiwe. Mimi nasemea yule aliyekuja kufanya kazi yake kwa moyo safi akateleza mahali ambapo mimi na wewe tungeteleza. Swali la kujiuliza ni hili, ukimtoa huyu ukamweka muuguzi mwingine mzuri, saa tisa ya usiku, wagonjwa 38, bomba si lake, je huyu wa pili hawezi kukosea vile vile? Kama anaweza, basi kosa haliko kwa mtu.

Na familia nazo zisidhani nimezisahau. Mgonjwa aliyekosewa ana haki ya kuambiwa, tena aambiwe mapema, kwa lugha yake, na mtu mzima aliyekaa kwenye kiti karibu na kitanda chake, sio kunong'onezewa kwenye korido. Lakini familia itaambiwa na nani kama muuguzi mwenyewe anaogopa kumwambia hata daktari? Hofu ile ile inayomfunga mdomo kwa mkubwa wake ndo inayomfunga mdomo kwako wewe mwenye mgonjwa.

Wakenya tunakumbuka habari iliyotoka Machi 2018 ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, mgonjwa alipasuliwa kichwa ambaye hakuwa wa kupasuliwa, vibandiko vya majina vya wagonjwa wawili vilichanganywa. Nchi nzima tulikasirika na tulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini jiulize unakumbuka nini. Unakumbuka nani alisimamishwa, daktari, wauguzi, mkubwa wa hospitali kupewa likizo ya lazima. Nenda kaulize mtaani vibandiko vinatakiwa viwekwe vipi mgonjwa asiyejitambua asichanganywe na mwingine. Hilo hatukujifunza, na ndo lililokuwa funzo.

Kule Marekani napo mwaka wa 2022 kuna muuguzi wa jimbo la Tennessee alihukumiwa na mahakama ya jinai. Mwaka wa 2017 alichukua kwenye kabati la dawa la kompyuta dawa ya kulegeza misuli badala ya dawa ya kumtuliza mgonjwa, zote mbili kwa Kiingereza zinaanza na herufi VE, na mgonjwa akafa. Sitasema hakukosea, alikosea vibaya, na kulikuwa na onyo zaidi ya moja akalipita. Lakini alisema mwenyewe siku ile ile, hakuficha. Mahakama haikumfunga jela, ilimpa miaka 3 ya kuangaliwa akiwa nje. Siku ya hukumu wauguzi walijaa nje ya mahakama ile, na walichokuwa wanasema ndo kile kile nilichoambiwa mimi mlangoni kwangu Jumatano.

Wako watakaosema hayo ni ya Wazungu, sisi tuna shida nyingine. Ni kweli tuna zetu, na ndo sababu hasa ya kutaka watu wetu waseme, manake za kwetu mtu wa Geneva, huko makao makuu ya Shirika la Afya Duniani, hawezi kutuonea. Wadi za huku zina majina yanayofanana kupita kiasi, kwa sababu tunawaita watoto majina ya babu na bibi zao, unaweza kuwa na Fatma Mohamed watatu kwa wakati mmoja, na Ali Mohamed kitanda hiki, Mohamed Ali kitanda cha pili yake. Ukiita "Fatma!" wanaitika wote, na mgonjwa wa watu ni mwenye adabu, ukimpa vidonge anameza. Au saa. Muuguzi anaandika namba 8 kwenye bahasha ya vidonge akimaanisha asubuhi, mama anafika nyumbani Marereni anasoma 8 anajua ni saa nane, anameza mchana baada ya chakula, na ya usiku anameza saa nane ya usiku kaweka na alamu. Mwezi wa Ramadhani ndo usiseme, mtu wa sukari anahamisha dawa ya asubuhi anaiweka daku bila kumuuliza mtu. Au daktari anaandika 10U kwa mkono wa haraka, ile U inageuka sufuri, inasomwa 100. Haya yote nimeyaona kwa macho yangu na mengi hayakuandikwa mahali popote, yaliishia kwenye chai ya saa nne, watu wanacheka kidogo kisha wanarudi kazini.

Na ndugu zetu wa Lamu hali yao ngumu zaidi. Nilikwenda huko kushikilia nafasi ya mtu kwa miezi michache, kwenye zahanati ya visiwani upande wa Faza, muuguzi uko peke yako, wewe ndo famasia, wewe ndo leba, wewe ndo mfagiaji. Ukikosea huna wa kumwambia ila bahari. Mpaka boti ipatikane, mpaka maji yajae boti iweze kutoka, mpaka mfike Lamu mjini, ni masaa. Mtu wa namna hiyo ndo anahitaji zaidi nambari moja ya simu ya kupiga usiku, aseme "nimezidisha dozi ya magnesi kwa mama wa kifafa cha mimba, nifanyeje", na wa upande wa pili amwambie kwanza isimamishe, mwangalie pumzi, mpe kalsiamu glukoneti ya kuivunja nguvu, asianze kumuuliza jina lako nani na nambari yako ya kazi ngapi.

Mimi si mtu wa siasa na sijui bajeti za kaunti zinavyokatwa, lakini tangu afya iletwe kwenye kaunti mwaka wa 2013 wakubwa wetu hawako mbali tena, wako Kilifi, wako Lamu, tunakutana nao msikitini na kanisani na kwenye harusi. Kwa hivo nawaambia wao moja kwa moja. Njia ya kuripoti ipo, haihitaji kubuniwa upya. Bodi ya Famasia na Sumu imekuwa na ile fomu ya manjano ya madhara ya dawa na ya waridi ya dawa mbovu tangu 2009, na siku hizi ripoti zinapokelewa hata kwa mtandao, na makosa ya dawa yana fomu yake. Wauguzi wengi wadini hawajui, na wanaojua hawaijazi kwa sababu wanaamini ikitoka mkononi mwao itarudi kama barua. Hapo ndo pa kushughulikia. Mkurugenzi wa hospitali asimame mbele ya wafanyakazi wake, aseme kwa mdomo wake na aweke sahihi yake kwenye karatasi, kwamba atakayeripoti kosa lake mwenyewe ambalo si la kusudi hataandikiwa barua ya nidhamu kwa ripoti hiyo. Akisema mara moja halafu akamwandikia mtu mmoja, basi ameharibu miaka kumi.

Tena msisubiri mtu aumie. Yale ya chupuchupu, kama langu la kiampuli, ndo ya dhahabu, kwa sababu hakuna maiti, hakuna mama anayelia, watu wanaweza kukaa wakazungumza kwa utulivu. Mtu aandike bila jina kama hataki jina, atie kwenye sanduku, mfamasia alifungue kila wiki. Na jambo ambalo wakubwa hulisahau, warudishe jibu! Andikeni ubaoni kwenye chumba cha wauguzi, wiki hii tumeambiwa chupa hizi mbili zinafanana, tumezitenganisha, ahsante aliyesema. Muuguzi akiona kisahani kimehamishwa kwa sababu ya karatasi yake, ya pili ataileta mwenyewe bila kuitwa. Akiona kimya, hataleta tena, na sitamlaumu.

Nimemfikiria sana yule bibi wa Ganda wakati naandika haya. Hakuwa na elimu ya dawa, hakumshuku mtu, alimwona mtu na sindano na watu wawili wa kuchomwa akauliza ni ya nani. Na mimi sikumkaripia, sijui kwa nini, manake siku hizo tulikuwa wakali kwa jamaa wa wagonjwa, tulikuwa tunawafukuza nje. Ningemfukuza dakika moja kabla sijui ingekuwaje. Kwa hivo nyinyi wenye wagonjwa ulizeni, dawa gani hii, ya nani, ya nini, na nyinyi wenzangu wa sare mkiulizwa msikunje uso.

Barua ya binti wa jirani yangu tumeiandika pamoja jana usiku, kurasa mbili, mezani kwangu. Tumeanza na siku mabomba ya insulini yalipoisha na nani aliyeambiwa, kisha wagonjwa wangapi na wauguzi wangapi, kisha alichokifanya, saa ngapi alijua, saa ngapi alipiga simu, na sukari ya mama ilivyokuwa inapanda kila nusu saa, namba zote ziko kwenye chati. Mwisho akataka kuandika kwamba halitarudiwa tena. Nikamwambia lifute hilo, huwezi kuliahidi peke yako, andika wadi yenu inahitaji mabomba mangapi ya insulini kwa mwezi. Akahesabu kwa vidole, akaandika. Jumatatu anaipeleka, na mimi nitamsindikiza mpaka getini.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Malindi.